Mbawakawa wa Kidoko: Jina Lake Hujulikanaje kwa Picha?

Yuko mdudu mmoja mwembamba, mweusi au wa rangi ya kahawia, ambaye akilazwa chali hukaa kimya kitambo kidogo, kisha hualika "tak!" akaruka juu hewani. Watoto humfurahia kwa mchezo huo, lakini wakulima wa nchi nyingi humchukia, kwa sababu watoto wa baadhi ya aina zake huharibu mazao. Wataalamu wa wadudu huita jamaa yake Elateridae. Katika makala hii ataitwa mbawakawa wa kidoko, kwa kuwa mlio wake wafanana na kidoko kipigwacho kwa ulimi. Aina za wadudu hawa zilizokwisha kuandikwa na wataalamu duniani zapata 10,000.

Siku hizi watu wengi wana simu za mkononi zenye kamera. Mtu amwonapo mbawakawa kama huyu katika shamba au juu ya ukuta wa nyumba, humpiga picha, akampelekea mtu mwenye elimu ya wadudu na kumwuliza, "Huyu ni nani?" Swali ni fupi, lakini jibu lake si jepesi. Picha nyingine hutosha kabisa kutaja aina ya mdudu. Nyingine hutosha kutaja ukoo wake tu. Nyingine hazifiki hata hapo. Yafaa watu wafahamu sababu za tofauti hiyo, kwani jina likitajwa kwa kubahatisha, mkulima aweza kupata hasara, na mdudu adimu aweza kupotea bila mtu kujua.

JINSI YA KUMJUA MWENYE KIDOKO

Kwanza sharti ihakikishwe kwamba mdudu aliye katika picha ni wa jamaa hii. Mwili wake ni mrefu, na kando zake mbili zakaribia kwenda sambamba. Kichwa ni kidogo, nacho kimeingia katika ngao ngumu ifunikayo kifua kwa juu. Pembe mbili za nyuma za ngao hiyo huchongoka na kuelekea nyuma, zikayashika mabega ya mabawa magumu. Pembe hizo huonekana vizuri katika picha iliyopigwa kwa juu, nazo ndizo alama ya kwanza ya kutafutwa.

Alama ya pili imo upande wa tumbo, chini ya kifua. Hapo pana mwiba utokao katika sehemu ya kwanza ya kifua na kuelekea nyuma, na katika sehemu ya pili pana kishimo cha kuupokea. Mdudu alalapo chali hupinda mgongo, mwiba ukazuiliwa na ukingo wa kishimo, na misuli ikavuta kwa nguvu kama upinde uvutwavyo. Mwiba ukiponyoka huingia kishimoni kwa ghafula. Mlio hutoka, na mwili mzima hurushwa juu. Miguu haina kazi katika kuruka huku. Mwaka 1972 mtaalamu M. E. G. Evans alitoa habari za uchunguzi wake juu ya aina moja ya Ulaya iitwayo Athous haemorrhoidalis. Mdudu huyo aweza kuruka kiasi cha sentimita 30, na nguvu inayomrusha ni kama mara 380 ya mvuto wa dunia. Kwa njia hiyo mdudu aliyelala chali hupata kusimama tena, na ndege aliyetaka kumla hushtuka.

Wako wadudu wengine wanaofanana naye. Jamaa ya Buprestidae wana umbo la namna hiyo, na wengi wao hung'aa kama shaba au dhahabu. Lakini kifua chao kimeshikamana imara na mwili, wala hawawezi kualika. Jamaa ya Eucnemidae wafanana naye zaidi, na baadhi yao hualika. Hao hutofautishwa kwa uso: mdomo wa juu wa mbawakawa wa kidoko huonekana, na wa Eucnemidae umefichika. Basi mtu aliyepiga picha ya mgongo peke yake amekwisha kukosa alama mbili, yaani ile ya uso na ile ya chini ya kifua.

KWA NINI JINA LINA MAANA

Mbawakawa mzima kwa kawaida haleti hasara kubwa. Aletaye hasara ni mtoto wake, yaani buu, akaaye ndani ya udongo. Buu wa aina nyingi ni mrefu, mgumu, mwenye kung'aa, na rangi yake ni ya manjano au ya kahawia. Kwa kuwa afanana na kipande cha waya, Waingereza wamempa jina lenye maana ya mnyoo wa waya. Hata hivyo yeye si mnyoo, kwani ana miguu sita mifupi karibu na kichwa. Katika ukoo uitwao Agriotes, buu aweza kukaa ardhini miaka 4 au 5 kabla ya kugeuka kuwa mbawakawa. Muda huo wote hula mizizi ya majani, hukata miche ya nafaka chini ya ardhi, na hutoboa viazi. Kiazi kilichotobolewa hakipati mnunuzi mzuri, hata kama kilichobaki chaweza kuliwa.

Hatari hiyo ilionekana wazi katika Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Malisho ya miaka mingi yalilimwa ili nchi ipate chakula, na mabuu waliokuwa wakila mizizi ya majani wakakuta nafaka na viazi mahali pake. Tangu mwaka 1939 hadi 1942 wataalamu walizunguka mashamba ya England na Wales, wakachukua vipande vya udongo na kuhesabu mabuu waliomo, ili mkulima ashauriwe zao gani lafaa kupandwa katika shamba gani. Katika mashamba mengine hesabu ilipita mabuu milioni moja kwa eka moja.

Lakini si kila mbawakawa wa kidoko aliye adui wa mkulima. Mabuu wa aina nyingi hukaa katika magogo na miti iliyooza, na wengine hula wadudu wenzao. Mkulima aliyepiga picha ya mbawakawa wa magogo, akaambiwa kwa haraka kwamba huyo ndiye mharibifu wa viazi, aweza kutumia fedha zake kununua dawa asiyoihitaji, na dawa hiyo ikaua wadudu wenye manufaa. Na yule aliyempiga picha mharibifu wa kweli, akaambiwa kwamba si kitu, aweza kupanda viazi katika shamba lililojaa mabuu. Kosa lililoanza kwa picha moja humalizikia katika gunia.

NDUGU WATATU WAFANANAO

Mfano mzuri wa taabu hii ni aina tatu za ukoo wa Agriotes zinazojulikana sana katika mashamba ya Ulaya: Agriotes lineatus, Agriotes obscurus na Agriotes sputator. Aina mbili za kwanza zilipata kuvuka bahari zikafika jimbo la British Columbia katika Kanada, na huko pia huharibu viazi.

Wote watatu ni wadogo, wa rangi ya kahawia, wenye vinyweleo vifupi. Agriotes lineatus ana mistari ya rangi iliyokoza na rangi hafifu ikifuatana juu ya mabawa, na kwa hiyo picha safi ya mgongo mara nyingi humtambulisha. Agriotes obscurus ana ngao ya kifua iliyo pana na yenye kutuna. Agriotes sputator ni mdogo kuliko wenzake kwa kawaida, na ngao yake ni nyembamba zaidi. Tofauti hizo zikisomwa kitabuni huonekana nyepesi. Shambani mambo ni mengine. Mistari ya lineatus aliyezeeka hufifia kwa vinyweleo kuchakaa. Sputator mkubwa aweza kulingana na lineatus mdogo. Nayo ngao ikipigwa picha kwa mshazari, upana wake hauwezi kupimwa tena.

Tofauti ya hawa watatu ina faida kwa mkulima. Jike wa kila aina hutoa harufu yake mwenyewe ya kuwaita madume, na wataalamu wametengeneza mitego yenye harufu hizo. Mtego wa aina moja huvuta madume wa aina hiyo hasa. Asiyejua ni aina gani iliyomo shambani mwake aweza kuweka mtego usiofaa, asikamate kitu, akadhani kwamba shamba lake ni salama.

Mabuu wao ni wagumu zaidi kutofautishwa. Hata chini ya hadubini wataalamu hupata shida, na katika kazi nyingi za utafiti hutumia uchunguzi wa DNA. Hata hivyo picha ya buu ina manufaa yake, mradi ionyeshe ncha ya mkia. Buu wa Agriotes ana mkia uliochongoka, na karibu na mwanzo wa pingili hiyo ya mwisho pana madoa mawili meusi, kama macho. Buu wa Athous ana mkia uliogawanyika ncha mbili. Kwa hiyo picha ya mkia yaweza kutaja ukoo, hata kama aina haitajwi. Picha ya buu iliyoonyesha kichwa na kuacha mkia imeacha sehemu iliyotakiwa zaidi.

WALIO RAHISI KUTAMBUA

Msomaji asidhani kwamba picha hazina kazi. Wako mbawakawa wa kidoko ambao picha moja nzuri hutosha kwao. Katika Uingereza yuko Agrypnus murinus, mpana, mwenye magamba madogo ya kijivu, meupe na ya kahawia yaliyochanganyika kama jivu lililomwagwa juu ya udongo. Mtu akimwona mara moja hamsahau. Katika mashariki ya Amerika ya Kaskazini yuko Alaus oculatus, ambaye juu ya ngao yake ana madoa mawili makubwa meusi yaliyozungukwa na weupe, mfano wa macho ya mnyama. Ndugu yake Alaus myops naye ana madoa, lakini ni membamba, na duara lake jeupe halionekani wazi. Picha ya mgongo huwatenga wawili hao bila shida.

Afrika nayo ina wake. Ukoo wa Tetralobus una baadhi ya mbawakawa wa kidoko wakubwa kupita wote duniani. Madume wao wana vipapasio vilivyokunjuka kama kipepeo cha mkono, na mabuu wa ukoo huo wamepatikana wakiishi katika vichuguu vya mchwa. Picha ya mdudu mkubwa namna hiyo, mwenye vipapasio vya namna hiyo, yatosha kumtia katika ukoo wake au karibu nao. Lakini ukoo wenyewe una aina nyingi, na kutaja aina ni kazi ya mtaalamu aliye na mdudu mwenyewe mbele yake.

ALAMA ZILIZOFICHIKA

Mara nyingi alama inayokata shauri imo mahali ambapo kamera haikuelekezwa. Ukoo wa Melanotus hujulikana kwa kucha za miguu, ambazo zina meno kama kitana. Kucha hizo ni ndogo mno, na katika picha ya kawaida huonekana kama nukta. Hata zikionekana, aina mbili za Ulaya, Melanotus villosus na Melanotus castanipes, hufanana kiasi kwamba wataalamu huchunguza sehemu za uzazi za dume kabla ya kutaja jina. Ukoo wa Cardiophorus hujulikana kwa kingao kidogo kilicho kati ya mabawa, nacho kina umbo la moyo. Kivuli kidogo tu hukificha.

Ukoo wa Ampedus ndio unaowakosesha watu wengi zaidi. Aina zake kadhaa zina mabawa mekundu na kifua cheusi, na kwa uzuri wao watu hupenda kuwapiga picha. Ampedus balteatus ana wekundu upande wa mbele wa mabawa na weusi upande wa nyuma. Ampedus sanguinolentus kwa kawaida ana doa jeusi katikati ya wekundu. Hao wawili hujitaja wenyewe. Lakini walio wekundu watupu sharti wachunguzwe vinyweleo, vishimo vya ngao na viungo vya vipapasio. Picha ya mbali haiwezi kuonyesha mambo hayo, hata ikikuzwa mara kumi.

Katika jambo hili liko jingine la kuangaliwa. Baadhi ya mbawakawa wa miti iliyooza wamekuwa adimu sana Ulaya, kwa sababu miti mizee yenye mapango imekatwa. Mmoja wao ni Limoniscus violaceus, mweusi mwenye mng'ao wa buluu, ambaye buu wake hukaa katika uozo wenye unyevu chini kabisa ya shina lenye pango. Katika Uingereza ajulikana katika mahali pachache tu, pakiwamo msitu wa Windsor, naye hulindwa na sheria. Habari ya kwamba ameonekana mahali papya ni habari kubwa, nayo yaweza kuokoa mti usikatwe. Kwa sababu hiyo habari hiyo haipokelewi kwa picha yenye ukungu. Habari nyingi za uongo zikiingia katika ramani, hata habari ya kweli hushukiwa.

PICHA HUDANGANYAJE?

Jambo la kwanza ni ukubwa. Mbawakawa wa milimita 6 na wa milimita 16 huweza kujaza picha sawasawa, na asiyekuwapo hawezi kujua tofauti. La pili ni pembe ya kamera. Kamera ikielekezwa kutoka mbele, kichwa na ngao huonekana vikubwa na mabawa huonekana mafupi. La tatu ni mwanga. Jua kali hung'arisha mabawa magumu, likafuta vishimo na vinyweleo, na rangi ya kahawia ikaonekana kama dhahabu. La nne ni umri wa mdudu. Aliyegeuka karibuni kutoka hali ya buu huwa na rangi hafifu, ambayo hukoza baada ya muda. Na mzee amepoteza vinyweleo vyake. Rangi basi ni shahidi dhaifu, na umbo ni shahidi mwenye nguvu zaidi.

JINSI YA KUPIGA PICHA IFAAYO

Mpigaji picha atakaye jibu la kweli na afuate mambo haya:

1. Amtie mdudu katika chupa ndogo safi na kumweka kivulini kwa kitambo, ili atulie. Asimwache juani, maana atakufa upesi.

2. Apige picha ya kwanza kwa juu kabisa, kamera ikiwa sawa na mgongo. Kisha apige ya ubavuni, ya uso kwa mbele, na ya tumboni. Mdudu akilazwa chali, mpigaji picha ataona mwiba wa kifua na huenda akasikia kidoko, na jambo hilo aliandike.

3. Apige picha ya mguu mmoja na ya kipapasio kimoja kwa karibu, hata ikibidi kushika kioo cha kukuzia mbele ya kamera.

4. Aweke rula kando ya mdudu. Sarafu si kipimo kizuri, kwa kuwa mtu wa nchi nyingine hajui upana wake.

5. Akinge jua kwa karatasi nyeupe au kitambaa chepesi, ili mwanga uwe mpole na vishimo vionekane.

6. Aandike tarehe, mahali, na kitu ambacho mdudu alikuwa juu yake: jani la mhindi, ua, gogo lililooza, au taa ya usiku. Kwa mtaalamu maneno hayo machache huwa na thamani sawa na picha ya pili.

Ikiwa mdudu ametoka katika shamba lenye mazao yaliyoharibika, yafaa kuhifadhi mmoja au wawili katika spiriti, wakiwa na karatasi yenye tarehe na mahali, kwa kuwa picha pekee huenda isitoshe. Ikiwa ni mdudu anayelindwa na sheria, asikamatwe. Apigwe picha alipo, na aachwe.

KITABU CHA NCHI NYINGINE

Ziko programu za simu ambazo hulinganisha picha na picha nyingine nyingi, zikatoa jina mara moja. Zina msaada mkubwa wa kuonyesha njia, lakini haziwezi kuona kucha ambazo hazimo katika picha. Tena hupendelea aina zilizopigwa picha mara nyingi, na hizo nyingi ni za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mtu wa Afrika ya Mashariki akipewa jina la mdudu wa Ulaya, kwanza na aulize kama aina hiyo imewahi kupatikana upande huu wa dunia. Hali ni hiyo hiyo kwa vitabu. Kitabu cha mbawakawa wa Uingereza humwongoza msomaji kuchagua kati ya aina za Uingereza tu, wala hakina nafasi ya mdudu wa Nakuru au Tanga. Jina atakalopata huko litakuwa la ndugu wa mbali, au la mgeni kabisa.

JIBU LIISHIAPO KWENYE UKOO

Watu wengine huona uchungu wakipeleka picha na kujibiwa, "Ni wa ukoo wa Agriotes, aina haijulikani kwa picha hii." Hudhani kwamba mtaalamu hajui kazi yake. Kumbe jibu hilo limewapa mengi: kwamba mdudu ni wa jamaa ya kidoko, kwamba mabuu wa ukoo wake huishi ardhini, na kwamba yafaa kuchimba na kuhesabu mabuu kabla ya kupanda viazi. Mkulima aweza kuanza kazi kwa habari hiyo siku ile ile. Jina la aina lililotolewa bila ushahidi halingempa zaidi ya hapo, nalo lingeweza kumpoteza.

Basi mwenye kupokea jibu la namna hiyo na arudi shambani na chupa, rula na karatasi nyeupe, ampige picha mbawakawa wa pili kwa juu, kwa ubavu, kwa uso na kwa tumbo. Mara nyingi picha hizo nne, zikiambatana na tarehe na mahali, ndizo zitakazomwezesha mtaalamu kutaja aina.